Binti wa Ubatizo

Hakuna aliyemdanganya Kendi. Mtu akikudanganya angalau unapata pa kuelekeza hasira. Unamwita mwongo, unampasulia ukweli wake, roho inatua. Yeye hakuachiwa hata nafasi hiyo. Kila aliyemwambia neno alimwambia kweli tupu, na kwa kweli hizohizo wakamnyang'anya ndoa yake mchana kweupe, naye akiwa amesimama pale anasema asante.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Meru, na miaka tisa alikuwa nesi katika nyumba ya wagonjwa wanaopata nafuu huko Crystal, kitongoji cha Minneapolis, Marekani. Hapo ndipo alipoletwa Mama Zenebech, mjane wa Kiethiopia, mwembamba, shuka jeupe begani, nyonga imetoka kubadilishwa. Siku tatu mfululizo bibi hakula. Manesi wenzake waliandika kwenye faili kwamba mgonjwa anakataa chakula, wakapita. Kendi ndiye aliyevuta kiti akauliza. Kumbe ilikuwa Kwaresima yao, ile ndefu ya siku hamsini na tano, na jikoni walikuwa wakimpelekea mayai, maziwa na supu ya kuku, vitu ambavyo hawavigusi mpaka Pasaka. Basi Kendi akashuka jikoni mwenyewe, akazozana na mpishi mpaka dengu zikapikwa bila siagi, na akitoka kazini akapitia duka la Waethiopia kununua injera, ule mkate wao mwembamba wenye vitundu. Mama Zenebech akala. Alipomaliza alimshika mkono akamwambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Mungu alinipa wana wawili. Binti hakunipa. Sasa amenipa."

Jamani, Mmeru gani asingelainika? Kwao Kendi, mama wa mwanamume akikuita binti yangu, kazi imekwisha. Kilichobaki ni mbuzi na tarehe. Na mwanamume mwenyewe alikuwepo. Biruk, mtoto wa pili, miaka thelathini na minane, mtaalamu wa kompyuta katika kampuni ya bima, alikuja kila jioni na chupa ya kahawa ya mama yake. Alikuwa mpole. Alikuwa mpole kupita kiasi, na pengine hapo ndipo mtu angeshtuka, lakini niambie, nani aliyewahi kukimbia upole?

Mama Zenebech aliruhusiwa kwenda nyumbani Brooklyn Center, na Biruk akaendelea kuja Crystal bila mgonjwa wa kumtembelea. Jumapili za kiangazi walikwenda mpaka Champlin kutembea kando ya mto, wakizungumza Kiingereza maana ndiyo lugha pekee waliyokuwa nayo wote wawili, Kendi akimfundisha Kimeru cha matusi na Biruk akicheka mpaka machozi. Mwaka mmoja na nusu ulipopita, Biruk akasema anataka kuoa. Kendi akasema hata yeye.

Mama Zenebech hakukataa. Alitoa sharti moja tu: ndoa ifungwe kanisani kwao, kwa taji. Kwao bwana na bibi harusi huvikwa taji mbele ya madhabahu, wakala ushirika pamoja, na ndoa hiyo haina mlango wa kutokea. Ila havikwi taji mtu ambaye hakubatizwa katika kanisa hilo, na ubatizo wa Kimethodisti aliopewa Kendi akiwa na miezi mitano haukuhesabiwa. Ilimbidi abatizwe upya.

Alimpigia baba yake simu. Mzee Gitonga ni mhubiri wa kanisa lao tangu ujana wake.

"Kwani ule wa kwanza," akauliza mzee, "ulikuwa maji ya kuoshea vyombo?"

"Baba, si hivyo. Ni utaratibu wao tu."

"Nakuuliza, binti yangu. Mimi nilikubeba mwenyewe mpaka mbele. Nilisimama pale na suti ya kuazima. Ulikuwa ni mchezo?"

Akakata simu, na hakupiga tena. Mama yake Kendi akawa anamsalimu kwa ujumbe mfupi, kwa siri, usiku wa Kenya mzee akiwa amelala. Katika kanisa la Wakenya alilosali miaka yote ile habari zilifika kabla hajazipeleka, na asubuhi moja alijikuta ametolewa kwenye grupu la WhatsApp la kwaya, bila hata kwaheri. Sauti ya pili walimpa mwingine. Alilia siku moja, akajikaza. Alijiambia kwamba anaacha nyumba moja kwa sababu anaingia nyingine, na hilo si jambo la ajabu kwa mwanamke.

Na haki ya Mungu, aliingia kwa moyo wake wote. Miezi saba, kila Jumamosi, alikwenda kufundishwa na padri wao, Abba Melaku, ambaye alikuwa amefika kutoka Gondar, Ethiopia, majira ya baridi yaliyotangulia na bado alikuwa anajifunza majina ya waumini wake. Kila Jumapili alivua viatu mlangoni, akajitanda shuka jeupe, akasimama upande wa wanawake saa tatu nzima. Mama Zenebech alisimama kando yake akimnong'onezea: sasa inama, sasa busu msalaba, sasa nyamaza. Siku Kendi alipolalamika kwamba miguu inamwaka moto, bibi alimwambia habari za mtakatifu wao Tekle Haymanot, aliyesali kwa kusimama miaka mingi mpaka mguu mmoja ukakatika, naye akaendelea na uliobaki.

"Wewe unayo yote miwili," akamwambia. "Simama."

Walicheka hadi wakatazamwa vibaya. Nyumbani, kahawa ikichemka, bibi alimsimulia makanisa ya Lalibela yaliyochongwa kwenda chini ndani ya mwamba mmoja, na Yared, yule aliyekuwa mzito darasani akakimbia shule, akamwona kiwavi akipanda mti, akianguka, akipanda tena, mpaka mara ya saba akafika. Akarudi shuleni, na ndiye aliyekuja kuwapa nyimbo wanazoimba mpaka leo. Kendi alizipenda hadithi hizo. Alianza kufunga Jumatano na Ijumaa bila kuambiwa na mtu. Mtu asije akasema alikwenda kule kwa ajili ya mwanamume peke yake. Alikwenda kwa ajili ya mwanamume, akapata zaidi ya mwanamume.

Likabaki suala la msimamizi. Kila anayebatizwa lazima awe na mtu wa kumpokea anapotoka majini, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke, na huyo ndiye anayekuwa mzazi wake wa ubatizo. Mke wa shemasi mmoja alikuwa amekubali kumsimamia. Lakini jioni moja ya Agosti, wakiwa wanakunywa kahawa kule Brooklyn Center, Mama Zenebech aliweka kikombe chini.

"Nitakupokea mimi," akasema.

"Wewe mwenyewe, Mama?"

"Mimi. Uwe binti yangu kweli, mbele ya Mungu. Si wa maneno."

Kendi alilia kwa furaha, akapiga magoti akambusu bibi magoti kama alivyoona wanavyofanya. Biruk alikuwa jikoni anaosha vikombe. Kendi akamwita aje asikie, naye akatokea mlangoni na kitambaa mkononi, akasema, "Vizuri," kisha akarudi kwenye vikombe vyake.

Kesho yake kazini alimsimulia Redempta, rafiki yake Mtanzania, Mkatoliki wa Bukoba, ambaye walikuwa wakigawana zamu mwaka wa sita.

"Ala! Mama mkwe mwenyewe?" Redempta akapiga makofi. "Mwenzangu, umependwa. Wa kwangu mpaka leo ananiita mke wa Bernard, jina langu halijui."

Kilemba cha ukoka hicho, nacho Kendi alikivaa kwa kujidai, akazunguka nacho korido nzima ya Crystal akitangaza.

Akabatizwa Jumamosi ya pili ya Septemba. Maji yalikuwa ya baridi hata yakamkata pumzi. Alipoinuka, mikono ya kwanza kumshika ilikuwa ya Mama Zenebech, imara kuliko alivyoitegemea, ikamfunika nguo nyeupe na kumkumbatia mpaka nguo ya bibi nayo ikalowa. Wakamfunga uzi shingoni, wakampa jina jipya, Welete Mikael, maana yake binti wa Mikaeli. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Zenebech alilia, na machozi yale yalikuwa ya kweli; Kendi ameona wagonjwa wengi na ndugu zao, anajua chozi la kweli. Biruk alipiga picha kutoka nyuma.

Mwezi uliofuata wakaenda wote wawili kwa Abba Melaku kupanga siku ya taji.

Padri alifurahi. Alikuwa hajui kwamba Kendi ana mchumba pale. Miezi yote saba yeye alimwona mwanamke anayetafuta imani, na Biruk alikuwa wa kuonekana kanisani Pasaka na Pasaka. Akafungua daftari kubwa la kanisa, akaandika jina la bwana harusi. Akauliza jina la baba yake, akaandika. Akauliza jina la mama yake.

"Zenebech Wolde," akasema Biruk.

Kalamu ikasimama. Padri akafunua kurasa kurudi nyuma mpaka Septemba, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma, akasoma tena. Kisha akamtazama Kendi.

"Aliyekupokea majini ni nani?"

"Mama," akasema Kendi, na alisema kwa majivuno, maskini wa Mungu. "Mama yake Biruk."

Abba Melaku alivua miwani. Alimweleza polepole, kwa Kiingereza cha kutafuta maneno, na hakuna neno lililokuwa gumu kulielewa. Ubatizo ni kuzaliwa. Aliyekupokea kutoka majini amekuzaa. Watoto wake ni ndugu zako, sawasawa na wa tumbo moja, na kanisa halimwozi mtu ndugu yake. Kendi alicheka kidogo kwanza, akidhani ni jambo la kulipia faini au kuandika barua.

"Basi tubadilishe," akasema. "Mke wa shemasi yupo. Alishakubali."

"Binti, mtu hazaliwi mara mbili ili abadilishe mama."

"Mimi nimebatizwa mara mbili, Abba! Nyinyi ndio mlionibatiza mara ya pili!"

Padri akafunga daftari. Alisema atamwandikia askofu, lakini asingependa kumpa tumaini ambalo halipo. Halafu akamgeukia Biruk akamwuliza kitu kwa Kiamhari, kwa sauti ya ukali, na Biruk akajibu akitazama viatu vyake.

"Amekuuliza nini?" Kendi akamwuliza walipofika kwenye gari.

"Ameuliza kama hatukujua."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia wewe hukujua."

Kendi akamshukuru. Alidhani anatetewa.

Hakungoja. Jioni ileile alikwenda Brooklyn Center peke yake, na hakuvua viatu mlangoni. Mama Zenebech alikuwa ameketi kwenye kochi, na alipomwona akajua.

"Ulijua?" Kendi akauliza.

"Nilijua."

"Ulijua, ukanikumbatia? Ukanilia machozi?"

"Nililia kwa sababu nilikuwa nimepata binti."

Unaona? Hapo ndipo pa kuchanganyikiwa. Kendi alikuja na maneno ya kumvua nguo mwongo, akakuta bibi anasema kweli kama anayetaja saa. Mama Zenebech alimwambia yote bila kuulizwa mara mbili. Mwanawe wa kwanza aliolea mbali, Dallas, mwanamke ambaye si wa kwao. Wajukuu watatu, nao humpungia mkono kwenye simu jinsi majirani wanavyompungia, kwa sababu hawana lugha wala sala wanayoweza kusema pamoja naye. Biruk ndiye aliyebaki. Biruk lazima aoe Mhabeshi. Lakini Kendi naye alikuwa ameshaingia moyoni mwake tangu zile dengu za Crystal.

"Ungeniambia hapana," Kendi akasema. "Neno moja tu. Ungesema, Kendi, simtaki mwanangu akuoe. Ningejua pa kusimama."

"Ningekuambia hapana, ungeondoka. Ningekukosa." Bibi akafungua viganja vyake. "Hivi nimewapata wote wawili."

"Mimi nimekosa baba! Nimekosa kanisa! Wewe umepata, mimi nimepata nini?"

"Umepata mama," akasema Mama Zenebech, akanyanyuka kwenda kuweka kahawa motoni, kana kwamba mazungumzo yamekwisha vizuri.

Kendi alitoka akafunga mlango kwa nguvu mpaka kioo kikalia. Wiki tano zilizofuata alimchukia bibi yule kwa bidii. Alimchukia akiendesha gari, alimchukia akimgeuza mgonjwa kitandani, alimchukia akipiga mswaki. Redempta alimsikiliza zamu baada ya zamu mpaka siku moja akamkata kauli.

"Kwani taji lao ni la nini? Serikali haifungishi ndoa? Nenda kaunti, Kendi. Mimi na Bernard tutakuja kushuhudia. Mkitoka pale mume na mke, mama mtu atafanya nini, atawala?"

Kendi akaona mwanga. Alimpelekea Biruk hoja ile na roho mkononi, kwa sababu hapo sasa hapakuwa na padri wala daftari. Palikuwa na yeye tu, aseme ndiyo au hapana. Biruk akasema ndiyo. Akasema anampenda. Akaenda naye mpaka dirishani pale kaunti, akatia sahihi ombi la leseni kwa mwandiko wake mzuri. Wakapewa siku, Jumatano ya mwisho ya Novemba, saa nne na nusu asubuhi. Kendi akanunua gauni la rangi ya krimu, la heshima, linaloweza kuvaliwa hata kazini. Hakumwambia mtu mwingine.

Jumatano ile theluji ya kwanza ya maana ilikuwa imeanguka. Saa nne kamili Kendi alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha ndoa, katika jengo refu la kaunti katikati ya Minneapolis, Redempta kushoto kwake katika kitenge na koti, Bernard amesimama akishika maua. Saa nne na robo alimpigia Biruk. Simu iliita mpaka ikachoka. Saa nne na dakika ishirini alipiga tena.

"Barabara," akasema Bernard. "Theluji hii, watu wanatambaa."

"Atakuja," akasema Redempta, huku akimtazama mumewe kwa jicho la kusema nyamaza.

Lifti ikafunguka, wakanyanyuka wote watatu. Aliyetoka alikuwa Mama Zenebech. Alikuwa amevaa koti kubwa la Biruk la majira ya baridi, shuka lake jeupe limefungwa juu ya koti, fimbo mkononi, viatu vimelowa mpaka vifundoni. Alikuwa amekuja kwa basi kutoka Brooklyn Center, peke yake, kwenye barafu, na nyonga ile.

Redempta hakusubiri. "Umekuja kufanya nini hapa, bibi? Hujatosheka? Unataka kumvua na gauni?"

Mama Zenebech hakuelewa Kiswahili, ila sauti aliielewa. Alimpita, akaja akaketi kwenye benchi kando ya Kendi, akapumua kwanza mpaka pumzi ikarudi.

"Biruk haji," akasema.

"Umemfungia ndani?" Kendi akauliza.

"Amevaa suti tangu alfajiri. Ameketi kitandani. Ameniambia, Mama, nenda wewe, wewe atakusikiliza."

"Ni wewe. Umemlilia, umemtisha na Mungu wako. Nakujua sasa."

"Mimi sikumwambia kitu. Sikujua habari za leo mpaka aliponituma." Bibi akaweka fimbo katikati ya magoti yake, akaishika kwa mikono miwili. "Nisikilize. Mimi si mwizi. Kabla sijakuambia nitakupokea majini, nilimwuliza yeye. Nilimwambia, mwanangu, nikimshika mimi hutamwoa tena. Ukimtaka awe mkeo, sema sasa, nitamwacha mke wa shemasi amshike, na mimi nitalia kisha nitanyamaza. Nilimpa wiki mbili afikiri."

"Akasemaje?"

Mama Zenebech hakutaka kumtazama.

"Mama, akasemaje?"

"Alisema, fanya unavyoona, Mama."

Bernard alishusha maua.

Kendi alibaki ameketi, mikono mapajani. Wiki tano alikuwa amemchukia mtu, na sasa ilimbidi aihamishe chuki yote ile kuipeleka kwa mwingine, kama kabati zito unaloambiwa si la chumba hiki, na mikono haikuwa na nguvu. Bibi alimwibia, ndiyo, lakini alimwibia mlango ukiwa wazi, mwenye nyumba akiwa amesimama hapohapo na kitambaa cha vikombe. Biruk alimtazama akifundishwa miezi saba. Alijua habari za Mzee Gitonga na lile la maji ya kuoshea vyombo. Alimfuta machozi siku ile alipolia. Alipiga picha. Alitia sahihi. Hakumtaka kiasi cha kusema ndiyo, na hakuwa mwanamume kiasi cha kusema hapana, basi akamwachia mama yake amfanyie. Hata leo, siku ya kuja kumwambia mwanamke usoni kwamba sikuoi, amemtuma kikongwe kwa basi kwenye barafu. Mungu wangu, mtu unakipendaje kitu hicho miaka miwili na nusu!

Mlango ukafunguka, karani akatoka na karatasi. Akasoma jina la Kendi, akalisoma na la Biruk akilivunjavunja, akatabasamu. "Mko tayari?"

"Hatuko," akasema Kendi.

Karani akamtazama, akawatazama wengine, akasema pole, akarudi ndani.

Redempta alitaka waondoke naye, waende kwake, wakae, apike ndizi, alie akitaka. Kendi alimkumbatia akamwambia atampigia. Halafu akamgeukia Mama Zenebech, aliyekuwa akijaribu kunyanyuka na fimbo ikiteleza kwenye sakafu yenye maji ya theluji. Basi la kurudi lilikuwa la kungoja nje. Kendi angeweza kumwacha, nani angemlaumu? Lakini mguu ule aliufundisha kutembea yeye mwenyewe, hatua moja moja kwenye korido ya Crystal, na mikono yake ilimshika bibi kwapani kabla hajaamua.

"Twende," akasema. "Nitakupeleka."

Njiani taa za barabarani ziliwasimamisha.

"Hujala," akasema Mama Zenebech.

"Ni Jumatano," akajibu Kendi, maana Jumatano kwao hawali mpaka alasiri, na kumbe alikuwa amefunga bila kukumbuka kwamba anafunga. Bibi akatikisa kichwa polepole, akatazama dirishani.

Walipofika Brooklyn Center, gari la Biruk lilikuwa mbele ya nyumba, limefunikwa na theluji, halijatoka tangu jana. Kendi hakuzima injini. Alishuka, akazunguka, akamtoa bibi, akamsimamisha kwenye njia iliyopigwa chumvi. Pazia la chumba cha juu lilisogea, mtu mwenye suti nyeusi akasimama nyuma yake, na wala hakufungua dirisha. Kendi alimwona vizuri. Akarudi kwenye kiti chake, akafunga mkanda.

Mama Zenebech alikuwa bado ameshika mlango wa gari.

"Ingia, binti yangu. Ukae na mimi tu. Yeye nitamwambia asishuke."

"Hapana, Mama."

"Basi nimwambie nini?"

Kendi alifikiri. Alikuwa na maneno mengi, ya Kiingereza, ya Kiswahili, na yale ya Kimeru aliyomfundisha wakitembea kando ya mto, na kila moja lilikuwa la halali yake. Akayaacha yote.

"Mwambie kaka yangu nimemsalimia."

Hayo ndiyo maneno aliyoyataka bibi wa watu tangu Agosti, na ni kwa ajili ya maneno hayo aliingiza mikono majini. Akayasikia. Akauachia mlango, akavuta shuka jeupe akajifunika uso, akalia palepale kwenye theluji kwa sauti. Kendi alinyoosha mkono, akaufunga mlango, akaondoa gari.